Maji ya Kisima

Usiku ambao Mama alinitumia picha ya ufa, mimi nilikuwa nalipwa kuandika kuhusu nyufa.

Ilikuwa Novemba 2023, zile mvua za El Niño. Niko Githurai 44, chumba kimoja, tokeni za stima zinakaribia kuisha, na mteja wangu wa Marekani anataka maneno 1,500 kabla kwao hakujakucha. Mada: jinsi unyevu unavyoharibu misingi ya nyumba. Kampuni yake hukarabati misingi huko Texas, na mimi ndiye huandika zile makala ambazo mwenye nyumba wa kule huzisoma saa nane za usiku akiwa na wasiwasi. Dola 15 kwa makala. Jina langu halitokei popote.

Nilikuwa nimefika kwenye sentensi ya kumtuliza msomaji, ile ya kumwambia kwamba si kila ufa ni wa kuogopa, simu ikalia. Picha. Sehemu ya chini ya nguzo ya mbele, nyumbani kwetu Kisauni. Plasta imebambuka, na kwenye zege kuna mstari mwembamba uliosimama wima, unatoa rangi ya kahawia inayoteremka kama chai iliyomwagika ukutani. Chini ya picha Mama ameandika: "Injinia, hebu tuangalilie hii. Babako anasema ni rangi tu."

Injinia ni mimi. Na shida ilianzia hapo.

Mimi si injinia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, mwanzoni mwa 2019. Sikufukuzwa, na wala sikuacha kwa sababu nilikuwa na ndoto kubwa kama wale watu wa video za kuhamasisha. Nilifeli somo la uchanganuzi wa miundo mara mbili. HELB ikachelewa. Nikakosa kujisajili muhula mmoja, na karo ambayo Baba alituma kwa muhula uliofuata ikaishia kwenye kodi ya nyumba na chakula. Kurudi chuoni kulihitaji nieleze pesa zilienda wapi, na kueleza ndiko nilikokuogopa. Basi nikakaa kimya. 2020 ikaja na korona, vyuo vikafungwa, uongo wangu ukapata likizo. Vyuo vilipofunguliwa nikasema kuna mgomo wa wahadhiri. Baada ya mgomo nikasema alama zangu zimepotea.

Yeyote aliyepitia chuo cha umma Kenya anajua alama hupotea kweli. Watu huzitafuta ofisi moja hadi nyingine mpaka wanaota mvi. Kwa hivyo hakuna aliyenishuku. Mama alifika mahali akaweka alama zangu kwenye maombi ya Jumatano kanisani.

Uhandisi wa ujenzi niliuchagua mwenyewe, sikulazimishwa na mtu. Aprili 29, 2016, nikiwa nyumbani nasubiri kuitwa chuo, jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa. Zaidi ya watu 50 walikufa. Tulikaa mbele ya televisheni siku kadhaa tukiangalia watu wakitolewa kwenye vifusi, na Baba akasema, "Hawa wote walikuwa wanalipa kodi kila mwezi." Sentensi hiyo haikunitoka. Nilitaka kuwa mtu ambaye angejua mapema.

Sasa, mtu asiyemaliza chuo hujua vitu kwa nusu. Ukiniambia nikupigie hesabu ya uzito ambao boriti itabeba, nitakudanganya. Lakini somo la vifaa vya ujenzi nilipita, tena vizuri, na miaka miwili ya kumwandikia yule wa Texas ilinifanya nilisome upya mara mia. Nilipoikuza ile picha kwa vidole viwili nilijua ninachokiona. Nikamjibu Mama: "Mwambie Baba asipige plasta. Nakuja."

Ngoja nieleze nilichokiona, kwa sababu nyumba nyingi zetu zimejengwa vile vile.

Zege ni ngumu ukiigandamiza, lakini ukiivuta inakatika upesi. Nguvu yake ya kuhimili mvuto ni kama sehemu moja tu ya kumi ya ile ya kuhimili mgandamizo. Ndiyo maana tunaweka vyuma ndani. Mmoja wa watu wa kwanza kuchuma pesa kutokana na wazo hilo alikuwa mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, aliyepewa hataza mwaka 1867 kwa vyungu vya mimea vya saruji vyenye chuma ndani yake. Chuma kinabeba mvuto, zege inabeba uzito. Na zege ina kazi ya pili ambayo watu huisahau: inakilinda chuma. Saruji ikishachanganywa na maji, zege inayotokea huwa na alkali kali, pH kama 12.5 hadi 13. Katika hali hiyo chuma hujivika utando mwembamba ambao jicho haliuoni, na kutu haianzi. Kinaweza kulala humo miongo mingi kikiwa kizima.

Vitu viwili huuvunja utando huo. Cha kwanza ni hewa tu ya kawaida: kaboni dioksaidi inapenya polepole kwenye vitundu vya zege, inaipunguza ile alkali, na pH ikishuka hadi kama 9, ulinzi umekwisha. Cha pili ni chumvi, yaani kloridi iliyo ndani ya chumvi. Hii haingoji pH ishuke. Inatoboa utando hapa na pale, na kutu inaanza kwa vishimo vidogo vidogo ambavyo hukila chuma kwenda ndani.

Lakini vyote viwili vinahitaji maji. Zege ikiwa kavu kabisa, kutu haina njia. Maji ndiyo yanayobeba chumvi na kuiingiza ndani, na maji ndiyo yanayoruhusu chaji za umeme kusafiri kutoka sehemu moja ya chuma hadi nyingine. Yakishirikiana na oksijeni, kutu inazaliwa. Na kutu inataka nafasi. Chuma kikigeuka kutu, huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya ile kilichokuwa nayo. Ndani ya zege nafasi haipo. Kutu inasukuma, zege haiwezi kuvutwa, inapasuka. Ufa unafuata pale chuma kilipo, kama mshono wa suruali. Kisha ufa wenyewe unakuwa mlango wa maji zaidi. Ukifika wakati wa kuona mstari wa kahawia nje, kazi ya ndani ina miaka.

Msingi una bahati mbaya kuliko ukuta kwa sababu unaishi mahali ambapo hapakauki. Mvua ikanyesha, maji ya bafu yakatiririka, shimo la maji taka likajaa, yote hayo udongo unayashika, na zege inayapandisha juu kama mahamri yaliyochovywa kwenye chai. Pale yanapoishia na kukauka huacha ule unga mweupe ambao watu huupangusa kwa ufagio na kusahau. Sehemu inayoumia zaidi ni ile iliyo karibu na usawa wa ardhi, inayolowa na kukauka, kulowa na kukauka. Hapo maji yapo na hewa ipo.

Nguzo yetu ilikuwa imepasuka hapo hapo.

Kwenye basi la usiku sikulala. Nilikuwa nafikiria Surfside, Florida, ambako jengo la Champlain Towers South liliporomoka Juni 24, 2021 na kuua watu 98. Nilianza kumwandikia yule mteja mwaka huo huo, na nimelisoma jengo hilo kuliko nilivyosoma kitu chochote chuoni. Lilikuwa karibu na bahari. Mhandisi aliyelikagua mwaka 2018 alikuwa ameandika kwamba kizuizi cha maji kwenye eneo la bwawa la kuogelea kimeshindwa na kwamba zege inaharibika. Kilichokuwa kinanisumbua usiku ule ni hiyo miaka mitatu kati ya ripoti na siku ile. Nilikuwa najua kitu kuhusu miaka ya kujua na kunyamaza.

Nyumba yetu si Surfside wala si Huruma. Ni nyumba ya chini, vyumba vitatu, mabati juu. Lakini Baba aliijengea msingi wa ghorofa. Mwaka 2011, akiwa karani bandarini, aliweka nguzo na boriti za chini za zege ili siku moja apandishe juu vyumba vya kupangisha. Nguzo nne za mbele zinapita usawa wa mabati, na vyuma vimechomoza angani vikingoja. Ukitembea Kisauni, Likoni, Mtwapa, utaviona kila mahali. Kila nyumba inangoja pesa.

Nilifika saa moja asubuhi, barabara ya mtaa imekuwa mto. Baba alikuwa ameshapiga plasta.

"Baba, si nilisema usiguse?"

"Wageni wa kanisa wanakuja Jumapili. Ningewaonyesha nini?"

Nikachukua nyundo ndogo, nikaanza kugonga nguzo kutoka juu. Zege nzima hulia kwa sauti ya jiwe. Nilipofika chini sauti ikabadilika, ikawa kama kugonga dafu lisilo na maji. Nikaendelea kwenye boriti ya chini, upande wa bafu. Dafu. Dafu. Dafu. Baba akawa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Unaniharibia nyumba."

"Imeharibika, Baba. Ndani kuna kutu."

"Kwa sababu ya maji haya ya mvua?" Akacheka. "Fort Jesus iko pale inapigwa na bahari miaka mia nne. Mbona haijaanguka?"

Swali zuri. Wareno walianza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa mawe ya matumbawe. Nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale zimesimama kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikwa na boriti za mikoko. Chumvi imezila, mvua imezila, na bado zipo.

"Fort Jesus haina chuma ndani," nikamwambia.

Akanyamaza. Sikuwahi kumnyamazisha Baba hapo awali, na niseme ukweli, nilifurahi kidogo. Furaha hiyo ilidumu hadi adhuhuri.

Tulimwita fundi yule yule aliyejenga 2011. Sasa ni mzee, anatembea akishika mgongo, lakini alikuja na vijana wawili. Wakachimba kando ya boriti ya chini, upande wa bafu, kipande cha kama mita moja. Udongo ulitoka mweusi na wenye harufu, kwa sababu bomba la maji ya bafu lilikuwa limepasuka na kwa muda gani hakuna ajuaye. Walipofika kwenye boriti hawakuhitaji kupasua. Zege ilibambuka yenyewe kwa mkono, vipande vikubwa kama sahani. Chuma kilikuwa pale. Vilikuwa vyuma vya D12, yaani milimita 12. Nilikipangusa kimoja kwa brashi ya waya mpaka nikafika kwenye chuma chenyewe, na mahali fulani kilikuwa kimebaki chembamba kuliko penseli.

Nikaona na kitu kingine. Kati ya chuma na udongo hapakuwa na hata sentimita mbili za zege. Zege ikimwagwa moja kwa moja juu ya udongo, kipimo cha kawaida ni milimita 75. Kazi hiyo hufanywa na vile vijibloku vidogo ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyoinua vyuma visilale chini. Vyetu vililala.

"Mzee," nikamuuliza fundi, "hamkuweka biskuti?"

"Tuliweka mawe. Labda yalisogea." Akakitazama chuma, akamtazama Baba. "Lakini hii si biskuti peke yake. Mimi si nilikwambia tungoje lori la maji?"

Baba hakujibu. Akaenda akakaa kwenye ukingo wa kisima.

Kisima kile kipo bado, nyuma ya nyumba. Tumekioga maisha yetu yote. Sabuni haitoi povu, na ukiacha maji kwenye sufuria hadi yakauke, huacha doa jeupe. Visima vingi vya upande ule viko hivyo: mwamba wa matumbawe umejaa vitundu, na kadiri watu wanavyovuta maji matamu juu, ndivyo maji ya bahari yanavyosogea ndani chini kwa chini. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi. Ya kisima chetu ni kidogo kuliko hapo, lakini chumvi hiyo haikuhitaji kungoja miaka ipenye kutoka nje. Ilikuwa ndani tangu siku ya kwanza, imekorogwa pamoja na saruji. Ilichokosa ni unyevu wa kudumu, na bomba la bafu likauleta.

"Maji ya mfereji yalikuwa hayaji," Baba akasema mwishowe, bila kuniangalia. "Wiki tatu. Lori moja la maji walitaka pesa nyingi, na tulihitaji zaidi ya moja. Mawe yameshafika, saruji imeshafika, mafundi wanadai wa siku. Na Januari wewe unaingia Fomu Wani. Nilikuwa na pesa za kitu kimoja." Akanyamaza kidogo. "Nilionja. Chumvi ilikuwa kidogo tu."

Nimewahi kusoma maneno mengi kuhusu kloridi ndani ya zege. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba inaweza kuwa karo yangu.

Vijana wa fundi walikuwa wameacha kuchimba. Mama alikuwa mlangoni na sufuria. Na Baba, ambaye alikuwa ameniita Injinia mbele ya watu hawa tangu asubuhi, akainua uso akaniuliza: "Sasa, Injinia. Wewe ndiye uliyesoma. Tufanye nini?"

Ningeweza kujibu. Nilikuwa na makala zaidi ya 100 za majibu kwenye laptopu. Nikasema tuongee jioni.

Jioni stima zilipotea, kama kawaida ya siku za mvua. Tulikaa sebuleni na taa ya kuchaji. Nikasema yote kwa mpigo, kwa sababu ningepumzika katikati ningerudi nyuma: lile somo, ule muhula, ile pesa, miaka karibu mitano.

Mama ndiye aliyezungumza kwanza. "Na alama?"

"Hazikupotea, Mama. Hazikuwahi kuwepo."

"Nimeziombea," akasema. "Kila Jumatano nimesimama mbele ya watu nikaziombea." Akaingia chumbani akafunga mlango, na nikamsikia akilia, si kwa sauti, kwa pua tu.

Baba hakuuliza kitu. Alichukua ile taa akatoka nje, kwenye mvua, akasimama kwenye shimo akiiangalia boriti. Mimi nikabaki kwenye giza. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa anajua siku zote, kama wazazi wa kwenye sinema. Hakuwa anajua. Niliona kwa mgongo wake.

Siku mbili hakuniita Injinia. Hakuniita chochote. Akitaka chumvi mezani aliiomba kwa hewa.

Siku ya tatu nilifanya kitu ambacho injinia wa uongo angepaswa kufanya tangu mwanzo. Nikatafuta injinia wa kweli, aliyesajiliwa, mwenye muhuri. Nilimlipa kwa pesa za Texas, zote. Alikuja na buti za mvua, akagonga nilipogonga, akasema mengi niliyoyajua. Kisha akasema niliyokuwa siyajui. Mimi nilikuwa na mpango wa kuibandua zege yote mbovu kwenye nguzo kwa siku moja ili tuitibu haraka. Akaniangalia. "Na mzigo wa juu utashikwa na nani?" Nguzo ingebaki na kiuno cha nyigu ikiwa imebeba paa. Lazima kwanza kuegemeza kwa mbao nzito pande zote, kisha kazi ifanywe kipande kwa kipande. Nilihisi baridi tumboni. Hiyo ndiyo nusu niliyoikosa darasani, na ningemuua mtu nayo.

Kazi ilichukua wiki tatu. Kwanza maji: bomba la bafu likahamishwa, shimo jipya la maji taka likachimbwa mbali na nyumba, mabati yakawekewa mifereji, na ardhi kuzunguka nyumba ikapewa mteremko wa kuyatoa maji nje. Injinia alisema bila hayo mengine yote ni urembo. Ndipo wakabandua zege mbovu hadi nyuma ya chuma, si mbele tu, wakasugua kutu, wakafunga vyuma vipya kando ya vile vilivyoliwa, na kumwaga zege mpya. Kwa maji ya lori. Biskuti nilizihesabu mwenyewe.

Hakutuahidi miujiza. Chumvi bado imo kwenye zege ambayo hatukuigusa, na ukitibu kipande kimoja, kutu huweza kuchangamka kipande cha jirani. Tunapaswa kukagua kila baada ya mvua kubwa. Na akasema jambo moja ambalo alilisema taratibu, kwa sababu alikuwa ameshaviona vyuma juu ya mabati: "Mzee, ghorofa isahau. Msingi huu haubebi."

Vile vyuma navyo vilikuwa vinaingiza maji ndani ya nguzo, mvua ikinyesha. Vilipaswa kukatwa na vichwa vya nguzo kuzibwa. Fundi alisema atamtuma kijana. Baba akakataa. Alipanda mwenyewe, miaka 61, na msumeno wa chuma. Nguzo nne, vyuma vinne vinne. Nilikuwa chini nasikiliza ule msumeno. Chuma cha tatu kilipoanguka, ngazi ikayumba, na Baba akaniita. Aliniita kwa jina langu, lile la kabla ya matokeo ya KCSE.

"Nishikie ngazi."

Nikaishika hadi alipomaliza vyote 16. Hatukuongea. Ndiyo, bado kuna mengi hatujaongea. Ile karo ni deni, na nimeanza kuilipa kidogo kidogo, ingawa anaipokea kama mtu anayepokea kitu cha jirani.

Kama kwenu kuna nyumba iliyojengwa karibu na bahari, au mahali popote ambapo msingi haukauki, usiingoje picha ya usiku. Gonga nguzo za chini usikilize. Angalia kama ufa umenyooka kufuata chuma na kama unatoa kahawia. Fuata maji yanakotoka kabla ya kufikiria saruji. Ukikuta pametoa sauti tupu, usipige plasta, muite mwenye muhuri. Na waulize wazee walichanganya kwa maji gani. Waulize taratibu, kwa sababu huenda jibu linakuhusu.

Makala ya Texas niliituma ikiwa imechelewa siku nne. Mteja akakata dola 3 na akauliza kama niko sawa. Nikasema mvua.

Kabla sijarudi Nairobi nilichora kwa penseli mistari miwili midogo kwenye nguzo ya pili, ambayo hatukuibandua, kila mmoja mwisho wa ufa mwembamba kama unywele, nikaandika tarehe kando. Ufa ukirefuka utavuka mstari na tutajua. Nilimwonyesha Mama. Baba alikuwa anapita tu, sikufikiri anasikiliza.

Mvua za Mei 2024 zilipopungua, simu ililia usiku nikiwa kazini. Namba ya Baba, ambaye huwa hatumi picha. Ilikuwa na ukungu kidogo, kidole chake kimefunika kona moja, lakini mistari yangu ya penseli ilionekana, na kando ya tarehe yangu alikuwa ameongeza yake, kwa mwandiko wa karani. Chini ameandika neno moja.

"Haijasonga."